Uzi wa Mikoba Kumi na Mmoja

"Hivi mama, mtu na akili zako, unamwonea wivu mwanao wa kumzaa?"

Jirani yangu wa ukuta mmoja aliniuliza hivyo Jumamosi moja, aliponikuta dirishani nikimtazama baba yangu akipanda kilima, amemshika mkono kitinda mimba wangu. Nilicheka tu. Lakini alikuwa amenigusa penyewe.

Baba yetu mpendwa, Babu kwa wengi waliopo hapa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli, mtoto wa tatu wa mpiga kengele wa kituo. Alisoma hadi darasa la sita. Mwalimu wake alilalamika kwamba huyu mtoto anasoma ndege wa dirishani kuliko ubao. Mwaka 1955 baba yake alifariki, yeye akaacha shule, mjomba wake akamfundisha kushona.

Tangu 1958 alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la vitambaa, miaka arobaini na sita. Mtu aliyependa upepo namna ile alikaa kitako mchana kutwa ili sisi tule na tusome.

Mwaka 1964 marehemu mama alimpelekea sketi ipunguzwe kiuno. Ikatoka pana. Akairudisha, ikatoka imebana. Mara ya tatu mama akamwambia, "Fundi, kama huwezi, sema." Baba akajibu, "Naweza. Ila nikiipatia, hutarudi." Walifunga ndoa tarehe 22 Agosti mwaka huo huo, wakajaliwa watoto wanne. Mimi ni kifungua mimba.

Tangu nina miaka saba, kazi yangu ilikuwa kumtungia uzi kwenye sindano. Sisi watoto tuliujua mgongo wake. Uso wake waliupata wajukuu. Alipofunga cherehani mwaka 2004, alianza kuwapeleka kilimani kila Jumamosi, mmoja mmoja, akiwafundisha ndege na miti. Alimshonea kila mjukuu, kwa mkono, mkoba wa begani, wa vipande vya nguo. Mikoba kumi na mmoja, kwenye misumari ya ukumbini. Niliihesabu mara nyingi, Mungu anisamehe. Jumapili natubu, Jumamosi wivu umerudi, umevuta kiti. Na uzi wa mikoba hiyo yote nilitunga mimi.

Januari 2022 miguu yake ilianza kuvimba. Daktari alisema moyo umechoka. Nilimwogesha, nilimlisha, lakini mjukuu akiingia tu, ndipo uso unapong'aa. Siku moja likanitoka: "Baba, mimi hukunipeleka kilimani hata mara moja."

"Ningekupeleka wewe, nani angenitungia uzi?"

Tulicheka wote wawili. Kicheko changu nilikwenda kukimalizia jikoni, na hakikuwa kicheko tena.

Alifariki tarehe 9 Juni 2022, saa nne asubuhi, dirisha likiwa wazi kama alivyopenda. Ameacha dada mmoja, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja na kitukuu mmoja. Mungu ampumzishe kwa amani, mahali penye upepo.

Njia ya makaburini inapanda kilima kile kile. Siku tatu kabla ya kutuacha aliniita peke yangu, akaomba jambo moja juu ya safari ya leo:

"Wajukuu watangulie, njia wanaijua. Wewe, mwanangu, tembea na mimi."