Raundi ya Tatu ya Marehemu Osea Nathanaeli Halinga

Ndugu waombolezaji, mchungaji, wazee wa kijiji na jirani zetu wote, kabla hatujafika kwenye tarehe na miaka tunawaomba mfumbe macho kidogo, mwone uwanja wa shule kule Tunduma alasiri ya Sabasaba ya mwaka 1977, nguzo nne za mkaratusi zimesimikwa, kamba za katani zimezungushwa, maganda ya kahawa yametandazwa chini na kufunikwa turubai la lori, na juu ya turubai hilo kijana mrefu mwenye bukta nyekundu anapigana huku amewapa mgongo watu wa upande wa machweo, ngumi zinamwingia ubavuni, anajua zinakotoka, lakini hageuki. Wengi mlioketi hapa mliuona mgongo ule, na wengine mmeuzungumza kwa karibu miaka minane, kisimani, kilabuni na hata njiani kutoka kanisani, kwa hiyo hatutajifanya kwamba hatujui mnachowaza mkilitazama jeneza hili.

Marehemu Osea Nathanaeli Halinga alizaliwa tarehe 12 Mei 1948 hapa Isansa, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Nathanaeli Halinga, ambaye naye ametutangulia, na mama Ruti, wakulima wa kahawa na mahindi. Tangu utoto alikuwa mtu wa haya, akikutana na mkubwa kwenye kijia cha shambani alikuwa akiingia majanini na kusimama huko mpaka mkubwa apite, na mama yake alizoea kumtania, "Wewe Osea, ipo siku utampisha hata mbuzi."

Alianza darasa la kwanza Januari 1957 hapahapa kijijini, mwaka wa Uhuru ulimkuta darasa la tano, na alimaliza darasa la nane mwaka 1964, mtoto wa maksi za kawaida, mwandiko mzuri, na mikono mikubwa kuliko kalamu yoyote aliyopewa. Januari 1965 aliajiriwa kubeba magunia katika ghala la kahawa la chama cha ushirika, na Machi 1972 akachukuliwa kwenye ujenzi wa reli, na ni huko kambini, jioni baada ya kazi, ndiko alikovaa glovu kwa mara ya kwanza, wenzake wakitaka kucheka kidogo, nao hawakupata nafasi ya kucheka.

Ujenzi ulipokwisha mwaka 1975 alibaki Tunduma akipakia mizigo kwenye lori la bwana Shaban Yahaya, mwenyeji wa Pangani aliyekuja kwetu kwa biashara ya usafirishaji na aliyekuwa amecheza ngumi ujanani kwao pwani. Bwana Shaban alimfundisha kwa uvumilivu wa baba, akampima uzito kwenye mizani ya kahawa, akamkatalia pombe, akamkimbiza kila asubuhi hadi mpakani na kurudi, na Osea akamwita Mwalimu, jina ambalo hakumpa mtu mwingine yeyote nje ya shule.

Kabla ya hapo, Jumamosi ya tarehe 19 Agosti 1972, marehemu alikuwa amefunga ndoa na Sekela, binti wa mama Tabita wa kule Chitete, na wamejaliwa watoto watatu, Boazi aliyezaliwa 1973, Priska wa 1976, na mdogo wao Enesi wa 1980. Tangu siku ya ndoa aliishika desturi yetu ya ukwe kwa ukali kuliko vijana wengi wa rika lake, hakumtazama mama mkwe wake usoni, hakula mbele yake, hakulitaja jina lake, na walipokaribia kukutana njiani alijitenga pembeni na kugeuza mgongo mpaka mama apite, naye mama Tabita alijifunika khanga usoni akapita, na hivyo ndivyo walivyopendana.

Sasa tuje kwenye pambano lenyewe. Siku ile ya Sabasaba kamati ya ngumi ilikuwa imetoka Mbeya kuchagua mabondia wa timu ya mkoa watakaokwenda kwenye mashindano ya taifa Dar es Salaam, na Osea, ambaye hakuwa amepigwa na mtu tangu aanze, alipangwa na Mika Siame wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mfanyakazi wa mashine ya kusaga, kijana mwenye mkono mzito na adabu nyingi. Wajumbe walisema mapema kwamba wao wanatazama mchezo, si matokeo tu, na kwamba hata atakayeshindwa kwa kupigana vizuri anaweza kupanda gari la Dar. Raundi ya kwanza ilikuwa ya Osea, ya pili ilikuwa ya kugawana, nyusi yake ikapasuka na midomo ya Mika ikavimba, na kengele ilipolia watu wa pande zote mbili za mpaka walikuwa wamesimama wakipiga makofi.

Hapo kwenye kona, bwana Shaban akimwosha uso, alimpa habari aliyoona ni njema. "Osea, mkweo yupo! Nimemtoa kule nyuma kwenye vumbi, nimemkalisha mbele kabisa, upande ule wa machweo, akuone vizuri. Haya baba, mwonyeshe kwamba bintiye hakukosea." Osea aliomba taulo, akajifunika kichwa chote, na Mwalimu wake akadhani anasali.

Mama Tabita alikuwa amekuja Tunduma kuuza ulezi, akavutwa na kelele akidhani ni ngoma ya sikukuu, na alipotajwa kuwa ni mkwe wa bondia akashikwa mkono kwa heshima na kuketishwa kitini, mgeni hakatai kiti, na alipotambua yuko mbele ya nani watu walikuwa wamekwisha kumbana kila upande. Alijifunika khanga. Na mkwewe, mwenye bukta na fulana iliyolowa damu, alipigana raundi nzima ya tatu bila kuuelekea upande ule, Mika akazunguka na kusimama hukohuko kama ambavyo bondia yeyote mwerevu angefanya, na kila Osea alipolazimika kugeuka aligeuka akitazama chini, na bondia anayetazama chini haoni ngumi. Alishindwa kwa pointi chache sana.

Kabla refa hajaushusha mkono wa Mika, sauti ilitoka kwenye umati, "Ameuza huyu! Hata kugeuka hataki!" na nyingine ikadakia, "Wenzetu wa ng'ambo wana sukari, bwana, nani asiyependa chai?" watu wakacheka. Kamati ilimwita pembeni ikamuuliza kwa upole kwa nini aligeuza mgongo, naye akanyamaza, kwa kuwa kujieleza kungemlazimu kumtaja mkwe wake mbele ya wanaume wageni na kumtwika lawama, na mjumbe mmoja akamwambia, "Kijana, mkono unao, pumzi unayo, ila bondia asiyejieleza hatuwezi kumpeleka Dar." Siku chache baadaye Sekela alionekana mtoni akifua kwa mche wa sabuni wakati sabuni ya dukani ilikuwa ya shida, basi ikasemwa kwamba malipo ndiyo hayo, na hakuna aliyejua kwamba mama Tabita aliinunua Nakonde kwa ulezi wake, kabla ya pambano, iwe zawadi kwa binti yake.

Nyinyi mlimshuku Osea, na tunasema kweli, Osea naye alikuwa na wake wa kumshuku. Alijiuliza kwa nini Mwalimu amwambie habari ile kwenye kona, si kabla ya pambano wala si baada yake, akakumbuka jinsi bwana Shaban alivyopeana mikono na watu wa Nakonde asubuhi ile, akakumbuka hata kwamba maji ya kona yalikuwa na uchungu mdomoni, bila kukumbuka kwamba mdomo wenyewe ulikuwa umejaa damu. Kwake yeye hapakuwa na mtu mzima duniani asiyejua kwamba mkwe hawekwi mbele ya mkwe, kwa hiyo aliyefanya hivyo alifanya akijua, na tangu siku ile hakunywa tena maji yaliyotekwa na mtu mwingine asipoyaonja mwenyewe kwanza.

Desemba 1977 bwana Shaban alikuja nyumbani kwake na habari kwamba kamati iko tayari kumtazama mara nyingine, ikiwa atarudiana na Mika kule Nakonde mwezi wa pili. Huo ndio mlango wa mwisho aliofunguliwa, nasi tunajua aliutaka, maana Sekela alikuwa akimwona kila alfajiri akirusha ngumi kimyakimya nyuma ya jiko. Lakini alimtazama Mwalimu wake akasema, "Safari hii utamkalisha nani mbele?" Bwana Shaban akajibu, "Nitamkalisha nani? Watakaa watakaokuja!" na kwa kuwa hakuelewa swali aliondoka na shaka yake mwenyewe, kwamba kijana mwenye dhamiri safi hajibu hivyo. Hawakusemezana tena kwa miaka saba.

Mwanzoni mwa 1978 marehemu alirudi hapa Isansa, akalima kahawa ya baba yake, akashiriki shamba la kijiji bila kukosa zamu, na glovu zake akazitundika kwenye dari la ghala, panya wakazimaliza. Vijana walipomwomba awafundishe, baadhi ya wazazi waliuliza kwa sauti, "Atawafundisha kupigana au kuuza?" naye akawaambia vijana waende shambani.

Oktoba 1984 alianza kuvimba miguu na uso, na Jumatatu ya tarehe 21 Januari 1985 hali ikawa mbaya, mafuta hayapatikani, na gari lililokuwepo kijijini lilikuwa lori la bwana Shaban lililofuata kahawa. Osea alipoona ni lori gani alisema, "Bora niende kwa miguu yangu," na mkewe akamjibu, "Miguu ipi, Baba Boazi? Hiyo isiyoingia hata kwenye kandambili?" akacheka bila kutaka, akabebwa, na bwana Shaban akaendesha hadi hospitali ya misheni.

Tarehe 9 Februari mama Tabita alifika kumjulia hali, akasimama nje kwenye baraza, akampa Sekela salamu azipeleke ndani kama desturi inavyotaka. Bwana Shaban, aliyekuwa ameleta uji, alimwona mama mtu mzima amesimama, akachukua kiti, akakiweka kando ya kitanda na kumwita, "Mama, pita ndani, kaa karibu na mwanao." Osea, ambaye kwa siku mbili alikuwa hajaweza kujigeuza bila kusaidiwa, alivuta shuka hadi kichwani akageukia ukutani, na bwana Shaban akauona ule mgongo.

Alikitoa kiti nje, akarudi, akasema, "Osea, kumbe ilikuwa hivi. Kwetu Pangani mkwe ni mama, ukiugua ndiye anayekupepea. Mbona hukuniambia?" Sauti ikatoka ndani ya shuka, "Mwalimu, nilidhani unajua." Bwana Shaban akasema, "Na mimi nilidhani umeuza," wakacheka wote wawili mpaka muuguzi akaja kuwakaripia, na kule barazani mama Tabita alipouliza wanacheka nini akaambiwa ni mambo ya ngumi. Kicheko kilipokwisha Osea aliuliza, "Ningekwenda Dar?" Bwana Shaban angeweza kumdanganya mgonjwa, lakini alisema, "Ungekwenda." Osea akasema, "Basi," akaomba maji, akayanywa kutoka mkononi mwa Mwalimu wake bila kuyaonja kwanza.

Marehemu alifariki dunia kwa ugonjwa wa figo alfajiri ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1985, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita, ameacha mama, mke na watoto watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliochimba kaburi kwenye mvua, wafanyakazi wenzake wa zamani wa ghala la kahawa, bwana Shaban Yahaya aliyemleta nyumbani kwa lori lilelile, na bwana Mika Siame aliyevuka mpaka na sasa ameketi na vijana wetu kama ndugu. Tunamshukuru kwa namna ya pekee mama Tabita, aliyeturuhusu kuyasema haya hadharani, na ambaye hata sasa ameketi nyuma ya nyumba, hajalisogelea jeneza, anampisha mkwewe kama mkwewe alivyompisha.

Nawe Osea, mwana wa Nathanaeli, kengele imekwisha kulia, vua glovu, lala kwa utulivu kwenye udongo wa kwenu. Nasi tuliobaki tunaombana kukumbuka jambo moja tu, kwamba tukimwona mtu amegeuza mgongo, kabla hatujasema lolote, tumuulize anampisha nani.