Aliyechonga Kalibu za Maua ya Dari

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Fundi Dari, alizaliwa tarehe 9 Mei 1964, mtoto wa tatu wa muuza mkaa na mshona nguo. Alimaliza darasa la saba mwaka 1979. Mkewe hakuona mlango wa shule, jambo ambalo marehemu hakuchoka kuwatajia wageni.

Mwaka 1983 aliajiriwa kupakua mifuko ya jasi, ule unga mweupe wa kutengenezea dari na nakshi za ukutani. Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1988, akafungua karakana uani. Kuchanganya hakujua. Alimwaga maji juu ya jasi, ikafanya madonge. Ndoo hakuosha, na mabaki yake yakafanya jasi mpya igande kabla ya kumiminwa kwenye kalibu ya kuipa umbo. Mkewe ndiye aliyegundua kwamba jasi hunyunyizwa majini polepole, ikaachwa inywe, ndipo ikorogwe. Ndiye pia aliyechonga kalibu zote kumi na tisa za maua. Wateja walipouliza, marehemu alicheka: "Huyu? Huyu ananioshea ndoo tu."

Mwaka 2009 mkewe alimwonya asiweke dari ya jasi bafuni kwa mteja, kwa kuwa jasi na unyevu havipatani.

"Mama watoto, nani kakufundisha ujenzi? Sufuria?"

Baada ya miezi mitatu dari ililainika, ikaangukia kwenye beseni. Marehemu alimwambia mteja kwamba mkewe ndiye aliyeharibu mchanganyiko.

Tarehe 2 Februari mwaka jana alipatwa na kiharusi. Mkewe alimwogesha na kumlisha miezi kumi na moja. Mteja wa zamani, mwalimu mstaafu, alikuja kumjulia hali. "Fundi, ua lako la sebuleni halina ufa mpaka leo!" Mkewe alishika kijiko cha uji, akasubiri. Marehemu alimeza, akasema, "Mikono hii, mwalimu. Mikono hii." Alifariki siku nne baadaye, tarehe 6 Januari, saa nne asubuhi.

Ameacha mke, mabinti wawili, wajukuu watatu na kaka wawili, ambao jana, kaburi halijachimbwa, walikuwa karakanani wakigawana kalibu. Shemeji zangu, zirudisheni. Mwiko, pimamaji na ngazi vilikuwa vyake, gawaneni. Kalibu nilichonga mimi, na leo nimelisema hilo mbele yake bila kukatizwa.

Mungu amsamehe, mimi bado. Alale kwa amani.