Betri Haimo

Mama mshonaji alikaa nyuma ya wanaume wawili kwenye basi, akatega sikio huku akijifanya hana habari. Mmoja, kinyozi, alikuwa akimlalamikia mwenzake wa pembeni, karani wa forodha: paneli za sola kazipata kwa bei nafuu kwa kuwa ushuru umefutwa, ila betri imemshinda, hivyo mashine yake hunyoa jua likiwaka tu.

"Betri haimo, kaka," karani akasema. "Sheria imetaja paneli. Betri tunaihesabu na vipuri vya magari."

"Sasa gari langu liko wapi, bosi?"

"Andikeni barua. Sheria hubadilishwa."

"Na wingu nalo litasubiri barua?"

Mshonaji akainamia kikapu chake kuficha kicheko. Cherehani yake ni ya kukanyaga. Haijui ushuru wala wingu.

Karani, udadisi umemzidi, akauliza safari ni ya wapi saa za kazi.

"Kuazima mashine yenye chaji. Wingu limenikuta katikati ya kichwa cha mteja."

"Na anakusubiri?"

"Ataenda wapi na kichwa kile?"

Basi likasimama. Nje jua lilikuwa linawaka kama halijawahi kuondoka. Kinyozi akashuka, akatazama juu, kisha akavuka barabara mbio kutafuta basi la kurudi.