Sufuria ya Bi Mwanafatuma Iliyookoa Chanjo

Miaka thelathini na mitatu, wenzangu, si mchezo. Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, Bi Mwanafatuma Abdalla anakabidhi funguo za karakana ya Zahanati ya Mkunguni, hapa Msambweni, na kustaafu akiwa fundi hodari kuliko mafundi wote wa pwani ya kusini. Anayebisha aje anione. Mimi dereva wenu Charo nimeendesha magari mpaka Muscat, nimeona mafundi wa kila rangi, wala sijaona wa kumfikia.

Aliajiriwa mwaka 1992 kubadilisha balbu. Haukupita mwaka akawa anafufua pampu ya maji, mizani ya watoto na redio ya gari langu, ambayo tangu siku hiyo haishiki ila kaswida. Silalamiki. Nimeshazijua zote kwa moyo, na mimi ni Mkristo.

Lakini kazi yake kubwa ni kengele ya friji ya chanjo. Aliiunda mwenyewe kwa vipuri vya simu kuukuu: friji ikianza kupata joto, inampigia simu popote alipo.

Kosa lilikuwa kisanduku. Sisi watu wa bahari, chumvi imetufunza kufunga kila kitu. Hata rimoti tunaivisha nailoni. Bi Mwanafatuma akaitia kengele ndani ya kopo la aiskrimu, akaziba kila upenyo kwa gundi. Chumvi haikuingia, kweli. Joto nalo halikutoka. Novemba mwaka jana kengele ikajipika, ikanyamaza, umeme ukakatika, chanjo zikaharibika. Akina mama waliotoka mashambani kwa miguu wakarudi na watoto bila sindano.

Muuguzi wetu mkuu, Mercy Kahaso, alimwambia mbele ya watu: "Bi Fundi, nakuheshimu sana, lakini ikizima tena naitupa pamoja na kopo lake." Siku mbili Bi Mwanafatuma hakunywa chai na sisi.

Visanduku vya dukani Ukunda, vyenye feni, bei yake ilikuwa ya kukimbiwa. Akaenda sokoni Kombani, akarudi na sufuria ya alumini, ambayo haishiki kutu na hutawanya joto. Akaifunga ukutani kichwa chini, akatoboa matundu sehemu ya juu ili hewa moto itokee huko na ya baridi iingie chini. Kile kipande kinachochemka zaidi akakikaza kwa skrubu kwenye ubavu wa sufuria, sufuria nzima ikawa ndiyo inayokipoza. Kila penye uwazi akaweka neti ya mbu, mijusi wasihamie. Na chumvi? Saketi aliipaka rangi ya kucha, tena aliiomba kwa Mercy huyo huyo.

Tulimcheka. Jumwa wa jikoni akauliza, "Bibi, leo wali wa nyaya?"

"Kwako wewe ukoko tu," akajibiwa.

Ikafika Jumapili moja ya Februari, saa saba mchana, jua la kukausha mate. Zahanati imefungwa, kesho ni siku ya chanjo, na umeme ukapotea. Sufuria ikapiga simu! Bi Mwanafatuma alikuwa harusini Tiwi. Akaacha biriani, akaniita, na mimi, nisijisifu, nilimfikisha kabla vumbi halijajua tumepita. Akawasha jenereta. Friji ilisoma nyuzi saba. Zingepita nane, tungemwaga chanjo zote.

Jumatatu watoto mia mbili na kumi na sita walichomwa sindano, wakalia kwa pamoja, na sijasikia muziki mtamu kama ule. Mercy alimshika mkono mbele ya foleni nzima: "Nisamehe, Bi Fundi. Atakayegusa sufuria hii atanijua."

Leo zahanati tatu jirani zina sufuria ukutani, zote kazi ya mikono yake.

Ahsante, dada yetu. Mwenyezi Mungu akujaalie afya, usingizi mnono na maisha yenye heri. Biriani zote zilizobaki, kula mpaka mwisho. Simu yako ikilia sasa, ni sisi tunakusalimu tu.