Sista Kemuma Aliyemwambia Daktari Ainue Mguu

Marehemu Rebeka Kemuma alizaliwa Gesima tarehe 14 Machi 1931, binti wa Mzee Onsongo na Mama Nyanchera. Aliyemfuata ni mimi, Mong'ina. Kwa hiyo anayesema marehemu alikuwa mpole, huyo hakumjua.

Alisoma Gesima hadi darasa la sita. Mwaka 1950 aliingia mafunzo ya unesi katika hospitali ya misheni, akafuzu 1953, akafanya kazi hapo hapo miaka ishirini na mitano.

Tarehe 8 Agosti 1954 aliolewa na Jethro Machogu wa hapa Ikonge, wakati huo mkulima wa ndizi, baadaye wa chai. Walipatana, kwa sababu Jethro si mtu wa kubishana.

Juni 1971 aliletwa mgonjwa kutoka Keroka, maji yamezingira moyo, pumzi inakatika. Daktari Subhash alitaka kuyatoa kwa sindano huku akitazama kwa eksirei, ambayo miale yake hutoka kila pedali inapokanyagwa, na nesi amshike mgonjwa mabega. Aproni ya risasi, ile nzito ya kuzuia miale, ilikuwa moja tu, na daktari ameivaa. Aliyeitwa kushika ni Bochaberi, nesi mwenye mimba ya miezi mitatu.

"Bochaberi, toka hapo," marehemu alisema. "Mimi nimeshamaliza kuzaa." Akashika mabega. "Na wewe Daktari, kama hutazami picha, toa mguu kwenye pedali. Hiyo si cherehani."

"Sista, unanifundisha kazi?"

"Nakufundisha mguu tu. Kazi unaijua."

Daktari akainua mguu. Ikawa anakanyaga, anatazama, anaachia, anasogeza sindano. Maji yakatoka, mgonjwa akapona. Daktari naye ni muungwana: wiki iliyofuata aliandika mwenyewe kuomba aproni za manesi. Tangu zije, nesi hakuingia bila aproni, wa kushika walipokezana, na mwenye mimba hakuingia kabisa. Desemba, Bochaberi alijifungua msichana mzima.

Mwaka 1976 marehemu alipatikana na ugonjwa wa sukari. Msinong'one eti ni eksirei. Ni sukari, ileile iliyomchukua mama yetu, na chai alikunywa tamu hata baada ya kukatazwa. Alifariki nyumbani Ijumaa, tarehe 5 Oktoba 1979, saa nne asubuhi, akiwa ametoka kuuliza kama ng'ombe wamenyweshwa.

Ameacha mume, watoto watatu, Thadeus, Bitutu na Mogire, wajukuu wanne, na mimi. Manesi mliokuja, simameni kidogo na watoto wenu mliowazaa wazima tangu aproni zije, watu wawaone.

Mungu ampumzishe kwa amani dada yetu. Alichokitaka ndicho hiki mnachokiona kimesimama.