Matanga ya Dunia Nzima

Mwaka ule wa 1931, bei ya shaba ilipoanguka duniani kote, bomba kubwa la kampani hapa Élisabethville lilipunguza moshi hadi tukaanza kuiona mbingu. Sisi wa benchi la Mama Virginie, pembeni mwa soko la site, mtaa wa sisi Waafrika, hatukuizoea. Tulikunywa kahawa tukiikodolea macho, nusu tuko macho, nusu tunaota. Kalaba, wa kwenye tanuru, alikaa katikati yetu na karatasi ya kuachishwa kazi mfukoni. Treni ya kuwarudisha makwao walioachishwa ilikuwa inaondoka saa kumi jioni. Mkewe Claudine alikuwa amejifungua siku nne tu zilizopita, na daktari alimkataza kusafiri. Aliruhusiwa kubaki mjini mwezi mmoja, ila nyumba yao ya kambi ya kampani ilitakiwa irudishwe siku hiyohiyo.

— Lakini hii krizi inatoka wapi? akauliza Kalaba.

Zéphirin akamjibu. Tunamwita Telegrafu, maana anafagia posta na habari zote anadai zinapita chini ya ufagio wake.

— Inatoka Amerika. Kule bantu banaogopa banki, na banki inaogopa bantu. Kila inchi inajifungia mulango. Njo maana shaba yako haina na mununuzi.

— Sasa bafanye nini?

— Baikale pamoja! Ku Genève kuko meza ya mataifa. Minasikia iko murefu sana. Mutu wa huku akiomba chumvi, inamufikia kiisha siku mbili.

Tulicheka, isipokuwa Mzee Kapya. Amechochea moto wa kampani miaka kumi na tano, na huongea amefumba macho.

— Meza haisaidie kitu. Bale bazungu habana batani. Hapa mutu akikufa, nani anachimba kaburi? Mutani wake. Anakuya, anatukana maiti: "We mulafi, umekula mpaka umepasuka!" Kiisha anakamata jembe. Hawezi kukataa. Sasa shaba imekufa; sema, mutani wa Babeleji ni nani?

— Baholandi, nikasema, kwa kubahatisha tu.

— Muzuri! Baholandi bakuye, batukane Babeleji kutwa nzima, kiisha banunue shaba yote ya Kalaba.

— Na Bajaponi, baba? akauliza Kalaba.

— Balete kuni. Kila inchi ilete kuni moja ku moto ya matanga. Barusi, Bachina, Baamerika bote. Siku tatu, hakuna kurudi kwenu.

— Moshi yake itakuwa mukubwa, akasema Telegrafu.

— Mukubwa! Itapita ile ya bomba.

Naapa niliuona moshi huo. Niliwaona Warusi wakiwapitishia Waingereza sufuria ya bukari, ugali wetu, Mreno amesinzia begani mwa Mchina, na Kalaba akiingia zamu ya asubuhi na chakula chake kwapani. Ilikuwa ndoto tamu, sikutaka mtu anigutushe. Kalaba mwenyewe alitabasamu, mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mgeni mmoja, vumbi la barabara ya Kasomeno limempanda hadi magotini. Alikuwa ametuambia anaitwa Casimir, ametoka Kilwa ya huku kwetu, kando ya ziwa, na samaki wakavu.

— Mutanisamehe, ba baba, akasema. Minauliza tu. Ule mama na mutoto wake, leo batalala kwa nani?

Telegrafu akachungulia kikombe chake. Mzee Kapya akafungua macho, akayafumba tena. Kalaba hakumtazama yeyote, na nadhani alifanya hivyo kutusitiri.

Mimi nina vyumba viwili nyuma ya kanisa. Kimoja tunalala mimi na mke wangu Agnès, kingine inalala baiskeli. Nilifungua mdomo. Nikafikiria kilio cha mtoto mchanga, nikafikiria maneno ya Agnès, nikaufunga. Niliona haya, na hadi leo naona haya.

Mama Virginie akainamisha birika, pakatoka machicha ya kahawa matupu. Alimtazama kila mmoja wetu, akaanza kukusanya vikombe.

Kalaba akasimama. Akatushika mkono mmoja mmoja, akatushukuru kwa mazungumzo mazuri. Hakuwa anatukejeli, alishukuru kwa moyo wote, na ndicho kilichoniuma.