Krimu ya Bibi Ushi

Ndani ya basi la kwenda kijiji cha Ogimi, abiria Tomoyose alijifanya amelala ili asikie vizuri. Mbele yake Bibi Ushi alikuwa amenaswa na binti asiyemjua, Chinatsu, muuzaji wa krimu na vidonge vya majani ya mmea uitwao getto. Kesho bibi anafanyiwa sherehe ya kutimiza miaka tisini na saba: atazungushwa kijijini kwa gari la wazi, na watu watamshika mkono ili umri wake mrefu uwaambukize.

"Watafiti wa maisha marefu wameyachunguza majani haya, bibi," alisema Chinatsu. "Ukipaka, makunyanzi yote kwisha."

"Yakiisha, kesho watashika nini? Si watadhani anazungushwa binti yangu?"

"Lakini ni majani yale yale mnayofungia keki za mchele."

"Hizo nimezila tangu sijaota meno mpaka yameng'oka, na sura ndiyo hii. Sasa niambie, mjukuu wangu, yanafanya kazi au hayafanyi?"

Chinatsu aligeuza kikopo cha krimu, akaanza kusoma maandishi ya nyuma. Tomoyose, ambaye mkewe hulala amejipaka krimu hiyo hiyo, alijaribu kumjibia kimoyomoyo, akapotea njiani.

Basi likasimama. Chinatsu akamshika bibi mkono kumsaidia kushuka. Bibi alikwishakanyaga chini, dereva akapiga honi, na binti bado hajauachia mkono wake.